Shamari ya Ngara, na yule mama aliyekataa kuniuzia

Siku ya kwanza kuingia kwa duka moja la viungo hapa Ngara, Nairobi, nilikataliwa. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mvua imenyesha usiku kucha, Ngara yote matope, na mimi nimetoka Pangani kwa miguu na shida moja tu kichwani: mtoto wa mdogo wangu alikuwa na wiki sita na alikuwa analia kila jioni, anaanza saa kumi na mbili hadi saa nne usiku, anakunja magoti, anakaza tumbo, anakunja ngumi, na hakuna mtu kwa ile nyumba alikuwa analala. Na si unajua mtoto akilia hivyo kila mtu kwa ploti ana dawa yake. Jirani mmoja akatuambia tutafute shamari, zile mbegu tamu za kiungo, tuchemshe, tumpe kijiko asubuhi na kijiko jioni, gesi itatoka na atalala.

Basi nikaingia, nikamsalimia yule mama wa kupima, nikamwambia nataka shamari ya mia.

"Ni ya chai ama ya kupikia?"

"Ni ya mtoto, mama. Anasumbuliwa na tumbo."

Alikuwa ameshachota, kijiko kiko juu ya mizani. Akakirudisha ndani ya gunia.

"Ako na miezi mingapi?"

"Wiki sita."

"Huyo simpimii, dadangu. Huyo ni wa titi la mamake peke yake mpaka afike miezi sita. Mpelekeni kliniki aangaliwe. Alafu wewe ukitaka yako ya chai, rudi nitakupimia ile nzuri."

Nilikasirika kidogo, siwezi kudanganya, manake nilikuwa nimechoka na nilikuwa nimetoka mbali. Lakini tulimpeleka mtoto kliniki siku ya Jumatatu, nesi akampima uzito akasema anakua vizuri, akamwangalia mdogo wangu anavyonyonyesha akamrekebisha mtoto anavyoshika titi, akatuambia kilio cha namna hiyo mara nyingi hupanda sana kwenye wiki ya sita hivi alafu kinapungua chenyewe mtoto akifika miezi mitatu au minne. Pia akatutajia mambo ya kutukimbiza hospitali bila kungoja: homa, kutapika kijani, damu kwenye choo, kukataa kunyonya. Na ndo hivyo ilivyoenda, sasa mtoto ana miezi mitano na jioni anacheka tu. Nikarudi Ngara kununua shamari yangu mwenyewe. Tangu hapo nanunua hapo kila mwezi na hii ndo nataka kuwaandikia vizuri, kwa sababu watu wananiuliza na nikiwaelekeza kwa simu wanapotea.

Duka halina kibao cha jina. Watu huliita kwa mzee wa viungo, na mzee mwenyewe yuko, Mhindi mtu mzima kabisa, anakaa nyuma kwa kiti karibu na kalenda, anapokea pesa na anaongea Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Ukishuka steji ya Ngara, ukipita wale wauza nguo, harufu yenyewe inakuambia umefika, jira na karafuu zinakupiga puani kabla hujaona mlango. Ndani ni padogo, watu wanne mkiingia mmejaa. Magunia yamekunjwa midomo yamepangwa chini ukutani: dania, jira, iliki ya kijani, pilipili manga, uwatu, dalasini ya magome, na shamari ziko mbili, gunia mbili tofauti, na hapo ndo niligundua sikuwa najua shamari ni nini.

Wacha nianze na majina, manake hapa ndo watu huchanganyikiwa. Shamari ndo ile Wahindi huita saunfu, ile mbegu ndefu ya kijani yenye mistari mistari ambayo ukimaliza kula kwenye hoteli za Kihindi unaletewa kwa kisahani pamoja na vipande vya sukari. Inafanana na jira, ni ukoo mmoja hata, pamoja na karoti, dania na ajwani, lakini jira ni nyembamba zaidi, ya kahawia, na harufu yake ni ya pilau. Shamari harufu yake ni tamu. Ukitafuna unahisi kama pipi, utamu unabaki kwa ulimi dakika kadhaa na ukinywa maji baada yake hata maji yanakuwa matamu. Huo utamu si sukari, ni mafuta yake, na kitu kikubwa ndani ya hayo mafuta kinaitwa anetholi. Anetholi ndo hiyo hiyo iko kwa anisi na ile nyota ya anisi, ndo maana harufu zinakaribiana, ingawa hiyo nyota ni mti mwingine kabisa na msije mkabadilisha moja kwa nyingine mkidhani ni sawa.

Sasa zile gunia mbili. Moja ni shamari kubwa, nono, rangi ya kijani iliyofifia ikielekea manjano, hiyo ndo ya kupikia, unaikaanga kwa mafuta na vitunguu ama unaisaga kwa masala. Ya pili ni ndogo, nyembamba, kijani zaidi, tamu sana, hiyo wanaiita ya Lucknow, jina la mji wa India, na ndo ya kutafuna baada ya chakula. Mzee aliniambia zote zinatoka India, na hiyo haikunishangaza, India ndo inalima shamari nyingi kuliko nchi yoyote, hasa Gujarat na Rajasthan. Lakini asili ya mmea wenyewe ni huko pwani za bahari ya Mediterania. Hata neno marathoni, hizi mbio zetu ambazo kila mwaka tunakaa mbele ya tivii tukingoja Mkenya akate utepe, linatoka kwa jina la shamari kwa Kigiriki, ule uwanda wa Marathon uliopiganwa vita mwaka 490 kabla ya Kristo ulikuwa umeitwa kwa mmea huu. Nilivyomwambia mama wa kupima hiyo alicheka hadi akamwita mzee aje asikie.

Kitu ambacho kinafanya nilisifu hili duka ni kwamba wanakuruhusu kunusa. Yule mama anachota chache, anaweka kwa kiganja chako, anakuambia fikicha. Ukifikicha shamari nzuri kati ya viganja viwili, harufu inaruka hadi kwa macho, na viganja vinabaki na unyevu kidogo wa mafuta. Ukifikicha ya zamani unapata vumbi na harufu ya nyasi kavu. Na hii si mambo ya upishi peke yake, hayo mafuta ndo kazi yenyewe. Kila kitu ambacho watu wanatafuta kwa shamari, kutuliza tumbo, kulegeza misuli ya utumbo, harufu nzuri mdomoni, kinatoka kwa hayo mafuta, na hayo mafuta yanaruka hewani. Shamari iliyokaa kwa rafu juani mwaka mzima imebaki mbao.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu kabla ya Ngara nilinunua mara mbili mahali pengine. Ya kwanza ilikuwa paketi ya supamaketi, gramu 50 kwa shilingi 95, paketi inang'aa, picha nzuri, na tarehe ya mwisho bado miezi saba. Nikachemsha nikanywa, ilikuwa kama maji yaliyopita karibu na shamari. Ya pili nilinunua kwa meza moja sokoni, hiyo ilikuwa kijani, kijani ile ya kung'aa kabisa, nikafurahi nikadhani ndo mbichi. Nikaweka kijiko kimoja kwa glasi ya maji baridi ili nioshe vumbi. Ndani ya dakika mbili maji yamekuwa kijani kama ya kuchora, na mbegu zenyewe zimeanza kuwa za kahawia. Ilikuwa imepakwa rangi. Nilimwaga yote. Tangu siku hiyo sinunui shamari yoyote bila kuiweka kwa maji kwanza, na nawaomba mfanye hivyo hivyo, glasi ya maji, kijiko kimoja, ngoja dakika kumi. Maji ya shamari safi yanaweza kupata umanjano hafifu, ni kawaida, lakini yakigeuka kijani cha kalamu usiiweke mdomoni. Ya Ngara nimeijaribu mara tatu kwa miezi tofauti na maji yamebaki masafi.

Bei: ile kubwa robo kilo ni shilingi 180, ile ndogo ya kutafuna robo ni 260. Wanachukua M-Pesa na pesa taslimu. Mizani yao ni ile ya mawe na mama anaacha upande wa shamari ushuke kidogo zaidi kabla ya kufunga, na hicho ni kitu kidogo lakini mimi nakiona.

Haya, faida zake kwa mwili. Hapa nitaenda polepole manake ndo mahali watu wanadanganywa sana, nimeona vikaratasi vinagawanywa pale karibu na stendi vinasema shamari inatibu kila kitu kuanzia presha hadi kitambi hadi macho, na kuna watu wanaacha dawa zao kwa sababu ya kikaratasi. Nimesoma sana juu ya hii mbegu mwaka huu, na nikauliza mfamasia, na nitasema tu yale nayaamini.

Kwa upande wa lishe, ukiangalia namba za gramu 100 unashtuka: kalori 345, protini karibu gramu 16, nyuzinyuzi karibu gramu 40, kalsiamu miligramu 1,196, chuma miligramu 18.5, magnesiamu 385, potasiamu karibu 1,700. Watu huchukua hiyo namba ya kalsiamu wanasema shamari inashinda maziwa mara kumi. Kwa uzito ni kweli, gramu 100 za maziwa zina kalsiamu kama miligramu 120 hivi. Lakini nani anakula gramu 100 za shamari? Hiyo ni zaidi ya theluthi ya ile robo kilo yangu. Kijiko kimoja cha chai cha shamari ni gramu 2 tu, kina kalsiamu miligramu 24 hivi, chuma kama 0.4, nyuzinyuzi chini kidogo ya gramu moja. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina kalsiamu kama 300. Ili ufikie hicho kikombe kwa shamari utatafuna vijiko kumi na mbili na bado. Kwa hivyo mama mjamzito ama mtoto anayekua asiambiwe ati shamari itachukua nafasi ya maziwa, omena na sukuma. Ni nyongeza nzuri, nyongeza kweli, hasa ukiitafuna nzima au ukiisaga kwa chakula. Ukiichemsha ukachuja, zile nyuzinyuzi zote umezitupa na chujio, umebaki na harufu na mafuta kidogo.

Na kwa tumbo hayo mafuta ndo ulikuwa unayataka. Shirika la Dawa la Ulaya linakubali chai ya shamari kwa mambo matatu kwa msingi wa matumizi ya miaka mingi: tumbo kujaa gesi na misokoto midogo, maumivu madogo ya siku za mwezi, na kulegeza makohozi wakati wa mafua. Kipimo chao kwa mtu mzima ni gramu 1.5 hadi 2.5 za shamari iliyopondwa, robo lita ya maji yanayochemka, unafunika dakika 15, mara tatu kwa siku, na ikipita wiki mbili bado unaumwa uende ukaone daktari. Nilifurahi kuona kipimo chao ni kijiko kimoja cha chai, kile kile yule mama wa Ngara alinipimia kwa macho.

Mamangu ndo shahidi wangu kwa hii. Ana miaka 63 na kwa miaka alikuwa hawezi kula githeri usiku, tumbo linavimba kama ngoma, anakaa kitandani ameegemea ukuta hadi saa saba. Alipimwa vidonda vya tumbo akaonekana hana, dokta akamwambia aloweke maharagwe usiku mzima amwage yale maji, ale polepole. Akafanya hivyo na ikasaidia nusu. Alafu nikaanza kumtengenezea shamari baada ya chakula cha jioni, na sasa anakula githeri yake na analala. Siwezi kukata hapa kwamba hii ni ya kuloweka na hii ni ya shamari, zimefanya kazi pamoja. Ninachojua ni kwamba nikisafiri nikimwacha bila ya kumpondea, ananipigia simu.

Jinsi ninavyotengeneza: naweka kijiko kimoja kwa kinu kidogo, nagonga mara tano sita, sio kusaga iwe unga, ni kupasua tu hadi ile harufu itoke. Namimina kwa kikombe, naongeza maji yaliyochemka, nafunika na kisahani. Hapo kwa kufunika ndo watu hukosea. Wanachemsha shamari kwa sufuria wazi robo saa, nyumba yote inanukia vizuri, na kile kinachonukia ndo kile ulichotaka kunywa, kimeenda kwa dari. Funika. Ukifunua baada ya dakika kumi na tano utaona chini ya kisahani kuna matone, yarudishe kwa kikombe. Rangi inakuwa ya dhahabu hafifu. Mimi siongezi sukari wala majani, mamangu anaongeza kipande cha tangawizi, ni sawa pia.

Kwa siku zangu za mwezi nimejaribu miezi minne. Kuna tafiti kadhaa ndogo, nyingi zimefanywa Iran kwa wasichana wa shule na vyuo, zilizoonyesha shamari inapunguza yale maumivu, na zingine zikailinganisha na zile dawa za kutuliza maumivu ikakaribia. Ni ndogo, lakini zinaelekea upande mmoja. Kwangu mimi, siku ya kwanza bado naumwa, ila si ule uchungu wa kulala chini kwa sakafu ya ofisi kama zamani. Nakunywa kuanzia siku moja kabla, pamoja na chupa ya maji moto tumboni. Mwenye uchungu mkali kila mwezi aende akapimwe, asikae na chai.

Ya mdomo ni rahisi na haina mabishano. Tafuna kijiko nusu baada ya kula, mate yanakuja mengi, harufu ya kitunguu saumu inapungua, na meno yanahisi safi ingawa bado utapiga mswaki. Mimi nabeba ile ndogo kwa kichupa kwa mkoba, kwa matatu za jioni nawapa hata majirani wa siti.

Sasa turudi kwa watoto, manake najua kuna mama anasoma hapa saa hii akiwa na mtoto mikononi analia. Kweli kuna utafiti wa mwaka 2003, watoto 125 wenye msokoto wa tumbo, walipewa matone ya mafuta ya shamari yaliyotengenezwa kwa kipimo, na 65 kwa 100 walitulia ukilinganisha na karibu 24 kwa 100 ya wale hawakupewa. Hiyo ni namba nzuri, na ndo watu wanaitaja. Lakini yale yalikuwa matone yaliyopimwa maabara, siyo maji ya sufuria yetu ambayo leo ni makali kesho ni mepesi. Na ndani ya shamari kuna kitu kingine kinaitwa estragoli, ambacho kikipewa panya kwa wingi kimeleta uvimbe kwenye ini, na kwa sababu ya hicho wale wa Ulaya wanasema chai ya shamari isipewe mtoto chini ya miaka 4. Alafu ukiweka mtoto wa wiki sita maji tumboni, umelijaza tumbo lake dogo kwa kitu kisicho na lishe, atanyonya kidogo, na maji yenyewe yakiwa na vijidudu umemletea kuhara. Shirika la Afya Duniani na kliniki zetu hapa wanasema kitu kimoja, miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama tu. Yule mama wa kupima hakunieleza haya yote, alisema tu hapana, na alikuwa sahihi, na alikataa shilingi 100 yangu ambayo angeichukua na mimi nisingejua tofauti.

Wengine wa kuwa waangalifu: mjamzito asinywe chai ya shamari kwa wingi bila kuuliza kliniki, kwenye chakula ni sawa. Mwenye saratani ya matiti au anayetumia dawa zinazogusa homoni aongee na dokta kwanza kwa sababu shamari ina tabia kidogo ya homoni ya kike. Anayevimba midomo akila selari au karoti mbichi aiache hadi aongee na dokta, mzio unaweza kuvuka. Na ukiwa umeandikiwa ile antibayotiki ya ciprofloxacin, mwambie mfamasia, kuna jaribio kwa panya lililoonyesha shamari inapunguza dawa kuingia mwilini, kwa hivyo mimi ningeiweka chai kando hadi nimalize dozi.

Kurudi kwa duka. Yale nisiyopenda. Wanafunga kwa karatasi ya kaki, ambayo naielewa, mifuko ya plastiki ilikatazwa tangu 2017, lakini kaki inavuta mafuta na harufu inapotea haraka, ukiiacha hivyo wiki mbili umepoteza nusu. Beba chupa yako ya glasi yenye kifuniko, ile ya jemu inatosha, mama atakupimia moja kwa moja ndani. Nyumbani iweke kabatini mbali na jiko, si juu ya friji wala dirishani. Nanunua robo tu kwa wakati mmoja, hata kama kilo ni nafuu zaidi.

Pili, usinunue shamari yao iliyosagwa. Wako nayo kwa debe na inauzwa sana kwa watu wa hoteli, lakini ikishasagwa haikai, niliinusa ilikuwa imelala kabisa. Nilimwambia mzee na akakubali bila kununa, akasema wateja wa hoteli wanataka haraka. Nunua nzima uponde mwenyewe. Ule mchanganyiko wao wa kutafuna wenye vipunje vya rangi na sukari pia sikuupenda, sukari imezidi shamari, watoto wataupenda lakini si hiyo ndo tulikuwa tunatafuta.

Tatu, Jumamosi baada ya saa nne ni msongamano, utasimama nje, na hakuna mahali pa kuegesha gari kabisa. Jumapili wamefunga. Nenda siku ya kazi kati ya saa tatu na saa tano, mama ana nafasi, atakuonyesha gunia jipya ni lipi. Muulize tu hivi: "Mama, hii iliingia lini?" Atakuambia ukweli. Wiki iliyopita nilimuuliza akaniambia ningoje hadi Alhamisi, hii iliyobaki chini ya gunia imechoka, mpya inakuja. Nikanunua iliki tu nikaenda. Alhamisi nikarudi, gunia limefunguliwa mbele yangu, akakata uzi kwa kisu, akaingiza mkono hadi kwa kiwiko akatoa ya katikati, akaniwekea kwa kiganja.